Tabora Katika Vitabu vya Vita vya Jalada Laini: Mkusanyo wa Vitabu kama Chanzo cha Historia ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia

1. Utangulizi

Mwaka 1971 kampuni ya Ballantine ya New York ilichapisha kitabu cha jalada laini chenye picha nyingi, kiitwacho Tanganyikan Guerrilla. Mwandishi wake alikuwa Meja J. R. Sibley, na mada yake ni vita vilivyopiganwa Afrika Mashariki kuanzia 1914 hadi 1918. Mwaka 1973 kitabu hicho kilitolewa Uingereza kwa jina la Pan/Ballantine. Kilikuwa kimoja tu katika mfululizo mrefu wa historia za vita vya karne ya ishirini, uliosimamiwa na mhariri Barrie Pitt. Vitabu vya mfululizo huo vilikuwa na umbo moja: kurasa zipatazo 160, ramani, picha za rangi nyeusi na nyeupe karibu katika kila ukurasa, na jalada lenye rangi kali za kumvuta mpita njia. Viliuzwa kwa bei nafuu, vikasomwa, vikapeanwa, na vingi vikatupwa.

Leo vitabu hivyo vinatafutwa na wakusanyaji wa nchi mbalimbali. Mkusanyaji wa kawaida hutaka kukamilisha mfululizo: ana orodha, anajua namba anayoikosa, na anajali hali ya jalada na mgongo wa kitabu. Insha hii haina nia ya kumbeza mkusanyaji huyo. Inauliza swali jingine, ambalo mtafiti wa historia ya Tabora hawezi kulikwepa: je, mkusanyo wa vitabu hivi unafaa kuwa chanzo cha historia? Na kama unafaa, unafaa kwa historia ya nini?

Swali hili lina uzito kwa sababu mbili. Kwanza, kwa msomaji wa kawaida asiyeweza kufika kwenye nyaraka za Berlin, Brussels au London, vitabu vya aina hii ndivyo mara nyingi vilivyokuwa mlango wake wa kwanza, na pengine wa pekee, wa kuijua vita iliyopita katika nchi yake. Pili, walioshuhudia vita hiyo Unyamwezini hawapo tena. Kilichobaki ni karatasi, picha na maneno. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba vitabu hivi ni ushahidi dhaifu wa yaliyotokea Tabora, lakini ni ushahidi mzuri sana wa jinsi Tabora ilivyoondolewa katika simulizi. Picha zake nazo ni hazina ambayo thamani yake inategemea namna mkusanyaji anavyoitunza.

2. Mji wa njia panda na kazi ya upagazi

Ili kuona kilichokosekana katika vitabu hivyo, ni lazima kwanza kueleza Tabora ilikuwa mji wa namna gani. Katika karne ya kumi na tisa, Unyanyembe ndiyo iliyokuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kuelekea Ujiji, na njia nyingine zikipinda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, jina ambalo wasafiri wa wakati huo waliliita eneo la Tabora, mwezi Novemba 1857. Livingstone na Stanley walikaa pamoja Kwihara mwaka 1872, katika tembe ambayo hadi leo ni makumbusho.

Wasafiri hao waliandika majina yao katika vitabu. Kazi yenyewe ya kuvuka nchi ilifanywa na wapagazi, na wengi kati yao walikuwa Wanyamwezi. Stephen Rockel, katika utafiti wake kuhusu wapagazi uliochapishwa mwaka 2006, ameonyesha kwamba upagazi haukuwa utumwa wala kazi ya kubahatisha. Ulikuwa kazi ya ujira yenye mila, vyeo na heshima yake. Kulikuwa na kirangozi aliyeongoza msafara, kulikuwa na mapatano ya posho, na kulikuwa na uzito wa mzigo uliokubalika, yapata kilo 30 kwa mtu. Kijana wa Kinyamwezi aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Mpagazi aliyeona ameonewa aliweza kuutua mzigo, na mara nyingi msafara mzima uligoma pamoja naye.

Utawala wa Wajerumani uliingia Unyanyembe kwa nguvu. Mtemi Isike aliwapinga hadi mwezi Januari 1893, na boma lake lilipovamiwa aliamua kujilipua kwa baruti badala ya kukamatwa. Miaka kumi na tisa baadaye, mwaka 1912, reli ya kati ilifika Tabora, na mapema mwaka 1914 ikafika Kigoma. Safari iliyochukua miezi mitatu kwa miguu sasa ilimalizika kwa siku chache. Upagazi wa masafa marefu katika njia hiyo ulikuwa umefikia mwisho wake. Miezi michache baadaye vita ilianza, na mzigo ukarudi kichwani. Safari hii hakukuwa na mapatano, na aliyeutua mzigo aliadhibiwa kama mtoro.

3. Tabora vitani, 1914–1918

Vita ilipoanza, Wajerumani walikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 tu na maofisa Wazungu wachache. Idadi hiyo iliongezeka haraka, na Unyamwezi na Usukuma zilitoa sehemu kubwa ya askari wapya, wapagazi na rugaruga. Michelle Moyd, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu askari wa jeshi la Wajerumani, ameeleza jinsi utamaduni wa misafara ulivyoingia katika jeshi hilo: askari walisafiri na wake zao, watoto wao na watumishi wao, kiasi kwamba kikosi kilichokuwa safarini kilifanana na msafara wa zamani.

Baada ya njia ya bahari kufungwa na manowari za Waingereza, Tabora ilipata umuhimu mpya. Shughuli za serikali zilihamishiwa huko. Raia wa mataifa ya adui, wakiwemo wamisionari wa UMCA na walimu wao Waafrika, walifungwa huko. Mwaka 1916, fedha zilipoadimika, sarafu zilipigwa katika karakana ya reli: heller za shaba, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka katika mgodi wa Sekenke. Sarafu hizo za dhahabu zilikuwa takriban 16,000, na leo zinauzwa kwa bei kubwa katika minada ya Ulaya na Marekani.

Mwezi Aprili 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, chini ya Jenerali Charles Tombeur, liliingia Rwanda. Kikosi cha kaskazini kiliongozwa na Molitor, na kile cha kusini na Frederik Olsen, afisa mwenye asili ya Denmark. Olsen aliteka Kigoma na Ujiji mwishoni mwa Julai, kisha akafuata reli kuelekea mashariki. Molitor alishuka kutoka upande wa Ziwa Viktoria. Mlinzi wa Tabora alikuwa Jenerali Kurt Wahle. Mapigano ya kuuzunguka mji yalianza mapema mwezi Septemba, na tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora baada ya Wahle kuondoka na vikosi vyake kuelekea kusini. Wabelgiji waliukalia mji hadi mapema mwaka 1917, walipowakabidhi Waingereza.

Habari za Tabora hazikuishia hapo. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, askari na wapagazi wake walipelekwa kuzuiliwa Tabora. Wakati huo homa kali ya mafua ilikuwa ikienea duniani kote, na ilifuata reli na kambi kama ilivyofuata bandari. Huku nyuma, katika Ugogo, nchi ambayo kila msafara wa Tabora ulilazimika kuivuka, unyang’anyi wa chakula na mifugo uliofanywa na majeshi ya pande zote, pamoja na ukame, ulileta njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya.

Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu rasmi ziliandika vifo vya wapagazi zaidi ya 90,000, wengi wao kwa kuhara damu na maradhi mengine. Geoffrey Hodges, aliyewachunguza kwa undani wapagazi hao, aliona kwamba idadi halisi ilizidi 100,000. Kwa upande wa Wabelgiji, idadi ya wapagazi inayotajwa mara nyingi ni takriban 260,000. Kwa upande wa Wajerumani vitabu vya majina havikutunzwa kwa namna inayowezesha hesabu ya kuaminika.

4. Vitabu na nyakati zake

Vitabu vya jalada laini vya miaka ya 1960 na 1970 havikuzaliwa bila wazazi. Mzazi wao wa kwanza ni Lettow-Vorbeck mwenyewe. Mwaka 1920 alitoa kumbukumbu zake za vita, na mwaka huohuo akatoa Heia Safari!, kitabu kilichokusudiwa hasa vijana wa Kijerumani. Ujerumani ilikuwa imeshindwa na kunyang’anywa makoloni. Kitabu kilichosema kwamba kulikuwa na jenerali mmoja ambaye hakushindwa, na kwamba askari Waafrika walimfuata kwa mapenzi hadi mwisho, kilikuwa na kazi ya kisiasa, ambayo ni kudai kwamba makoloni yarudishwe.

Simulizi hiyo ilivuka mipaka ya Ujerumani. Mwaka 1963 vitabu viwili vilitoka kwa Kiingereza: Duel for Kilimanjaro cha Leonard Mosley na German East cha Brian Gardner. Mwaka 1968 Peter Shankland alitoa The Phantom Flotilla, kuhusu mashua mbili za Waingereza zilizosafirishwa nchi kavu hadi Ziwa Tanganyika. Kikafuata kitabu cha Sibley mwaka 1971, na Battle for the Bundu cha Charles Miller mwaka 1974. Katika karne hii kampuni ya Osprey imeendeleza umbo la kitabu chembamba chenye michoro ya sare na silaha, kama vile Armies in East Africa 1914–18 cha Peter Abbott, kilichotoka mwaka 2002.

Mtafiti akivipanga vitabu hivi kwa mwaka wa kutoka, badala ya kuvipanga kwa namba ya mfululizo, anaona jambo ambalo kitabu kimoja hakiwezi kulionyesha. Vitabu vya 1963 vilitoka Tanganyika ikiwa imepata uhuru wake muda mfupi uliopita, wakati msomaji wa Uingereza alikuwa akiiaga himaya. Vita ya Afrika Mashariki ikasimuliwa kwa sauti ya kumbukumbu njema, kama mchezo wa waungwana. Kitabu cha 1971 kilitoka wakati Marekani ikiwa vitani Vietnam, na neno lililowekwa katika jina lake ni lile lililokuwa katika kila gazeti la wakati huo, yaani mpiganaji wa msituni. Vita ni ileile, lakini kila kizazi cha wachapishaji kilitafuta humo kioo cha kujitazama. Kwa maana hii kitabu cha jalada laini ni chanzo cha pili kwa mwaka 1916, lakini ni chanzo cha kwanza kwa mwaka 1971.

5. Kwa nini Tabora hutoweka

Katika vitabu vingi vya kundi hili, kutekwa kwa Tabora hupewa kurasa chache, na pengine aya chache tu. Maelezo mepesi yangekuwa kwamba waandishi walikuwa Waingereza na Wamarekani wasiojali ushindi wa Wabelgiji. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Sababu kubwa zaidi iko katika umbo la simulizi yenyewe.

Simulizi ya vitabu hivi ni ya mtu mmoja anayewindwa na wengi. Shujaa ni Lettow-Vorbeck, na mpinzani wake ni Jan Smuts. Jina la kitabu cha Mosley linataja pambano la watu wawili, na jina la kitabu cha Sibley linataja mpiganaji kwa umoja. Mwezi Septemba 1916 shujaa huyo hakuwapo Tabora. Smuts alikuwa ameingia Morogoro mwishoni mwa Agosti, Dar es Salaam ilichukuliwa mwanzoni mwa Septemba, na Lettow-Vorbeck alikuwa akirudi nyuma kuelekea Rufiji. Kamera ya msimulizi ilikuwa imemfuata. Mji mkubwa kuliko yote ya bara, wenye reli, hospitali, wafungwa na karakana ya sarafu, ukaanguka nje ya picha.

Matokeo yake ni kwamba Tabora imehifadhiwa kwa ukamilifu zaidi na wale walioiteka. Tombeur alipewa hadhi ya ubaroni na jina la Tabora likaunganishwa na lake. Katikati ya Brussels uko mtaa uitwao Tabora hadi leo. Mpita njia wa Brussels husoma jina la mji huu kila siku. Msomaji wa Tabora, akifungua kitabu cha vita kilichoandikwa kuhusu nchi yake, huenda akafunua kurasa nyingi kabla ya kuliona.

Kisa kimoja kinaonyesha jinsi simulizi hii inavyochagua watu wake. Miller anaeleza kwamba mwaka 1964, Lettow-Vorbeck alipofariki, serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani malimbikizo ya mshahara wao, na wazee wakakusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti. Kwa hiyo kila mmoja alipewa ufagio aushike kama bunduki na kuamrishwa kwa Kijerumani, na wote wakazitii amri bila kukosea. Kisa hiki hupendwa na wasomaji, na hurudiwa katika maandishi mengi. Lakini mtafiti anapaswa kuuliza ni nani ambaye hakuwa na amri ya kukumbuka. Mpagazi hakufundishwa gwaride. Kama kipimo cha haki ni kushika ufagio, yeye hana cha kuonyesha. Kwa upande wa Waingereza nao, mishahara isiyodaiwa ya wapagazi waliokufa ilibaki kuwa mvutano wa muda mrefu kati ya serikali za makoloni na London.

6. Picha, maelezo yake, na wajibu wa mkusanyaji

Thamani kubwa ya vitabu hivi kwa mtafiti ni picha zake. Mfululizo wa Ballantine ulijengwa juu ya picha, na wahariri wake walichota kutoka katika hazina kubwa kama ile ya Jumba la Makumbusho ya Vita la London. Ndani ya kurasa hizo za bei nafuu mtu anakutana na mstari wa wapagazi wakivuka mto, askari waliosimama kando ya bunduki ya mzinga, wanawake waliobeba vyungu nyuma ya kikosi. Hizi ni nyuso za watu halisi. Wengi wao wana wajukuu na vitukuu walio hai Tabora, Nzega, Urambo na Sikonge.

Tatizo liko katika maandishi yaliyo chini ya picha. Kwa kawaida ofisa Mzungu hutajwa kwa jina na cheo. Bunduki hutajwa kwa aina na kipimo cha mtutu. Meli hutajwa kwa jina. Mwafrika hutajwa kwa kazi: askari, mpagazi, mtumishi. Aidha, picha ileile inaweza kuonekana katika kitabu kimoja ikiwa na maelezo ya mahali fulani, na katika kitabu kingine ikiwa na maelezo ya mahali pengine, kwa kuwa mhariri wa picha alitafuta kitu cha kujaza nafasi na hakuwa na njia ya kutofautisha pori la Tabora na pori la Lindi. Kwa hiyo maelezo ya picha yasichukuliwe kuwa ukweli. Ni dai linalohitaji kupimwa.

Hapa ndipo mkusanyo unapoizidi nakala moja. Mtafiti amekuwa akikusanya vitabu hivi kwa miaka kadhaa kutoka kwa wauza vitabu vya mitumba, na uzoefu huo umemfundisha kanuni nne. Kwanza, kila chapa ihifadhiwe, hata kama ni ya kitabu kilekile, kwa kuwa maelezo ya picha na mpangilio wake huweza kubadilika. Pili, kila picha iandikiwe karatasi yake, yenye orodha ya vitabu vyote ilimotokea na maelezo yote iliyopewa, ili kutofautiana kwake kuonekane. Tatu, chanzo cha picha kilichotajwa na mchapishaji kifuatiliwe hadi kwenye hazina ya asili, kwa maana nyuma ya picha halisi mara nyingi kuna maandishi ambayo kitabu hakikuyachukua. Nne, alama za wasomaji zisifutwe. Jina la mmiliki wa kwanza, mstari uliopigwa chini ya sentensi, au alama ya kuuliza pembeni mwa ukurasa ni ushahidi wa jinsi kitabu kilivyosomwa. Mkusanyaji wa soko hupenda nakala safi. Mwanahistoria ana haja zaidi na ile iliyotumika.

Inafaa pia kulitazama neno lenyewe. Katika njia ya misafara, mtumba ulikuwa robota la nguo ambalo mpagazi alilibeba kutoka pwani hadi Unyanyembe. Leo mitumba ni vitu vilivyokwisha kutumika ng’ambo na kuletwa kwetu. Kitabu cha mtumba kuhusu vita ya wapagazi kimefika bara kwa neno walilolibeba wao. Mwendo wa kitabu hicho, kutoka kiwanda cha uchapaji cha mbali hadi mezani kwa mtafiti, ni sehemu ya historia inayopaswa kuandikwa katika daftari la mkusanyo.

7. Sauti zilizo nje ya jalada

Mkusanyo wa vitabu hivi hauwezi kusimama peke yake. Unahitaji kuwekwa karibu na vyanzo vitakavyoupinga. Cha kwanza ni maisha ya Martin Kayamba, Mbondei aliyesomeshwa na UMCA, ambaye alifungwa na Wajerumani wakati wa vita na kupata uhuru wake Tabora baada ya Wabelgiji kuingia mwaka 1916. Aliandika habari za maisha yake, nazo zikatolewa mwaka 1936 katika kitabu Ten Africans kilichohaririwa na Margery Perham. Kwa Kayamba, Tabora si nukta katika ramani ya majenerali. Ni mahali pa kifungo na pa kufunguliwa. Siku ileile ambayo vitabu vya vita huipa sentensi moja, kwake ni mpaka kati ya maisha mawili.

Chanzo cha pili ni lugha. Jina Kariakoo, mtaa na soko la Dar es Salaam, linatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliowekwa kambini hapo, na Nairobi nayo ina Kariokor yake. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina umbo la mtu mwenye bunduki. Mpagazi hakupata sanamu katika makutano hayo ya barabara. Alipata soko, na jina lake hutajwa kila siku na watu wengi zaidi ya wanaoitazama sanamu, ingawa wachache hujua wanamtaja nani. Neno Mtunya nalo limefanya kazi hiyohiyo katika Ugogo.

Chanzo cha tatu ni maandishi ya Kiswahili yenyewe, na hapa Vita Kuu ya Pili inatoa funzo. Wakati wa vita hiyo askari wa Afrika Mashariki walikuwa na magazeti yao, yakiwemo Askari na Heshima. Shaaban Robert aliitungia vita hiyo utenzi mrefu, uliochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake. Hata kambi ya jeshi ya Tabora, wakati wa uhuru, iliitwa Kalewa, kwa jina la mji wa Burma ambako askari wa Afrika Mashariki walifika mwezi Desemba 1944. Vita ya pili iliacha maandishi ya Kiswahili kwa sababu askari wake wengi walifundishwa kusoma na kuandika. Mpagazi wa 1916 hakupata nafasi hiyo. Ukimya wake hauonyeshi kwamba hakuwa na la kusema. Unaonyesha nani alikuwa na kalamu.

Mtu anaweza kupinga kwamba, kama vyanzo hivi vipo, hakuna haja ya kuhangaika na vitabu vya jalada laini vilivyojaa makosa. Pingamizi hili lina msingi, na mtafiti hapendekezi kwamba idadi, tarehe au mwenendo wa mapigano uthibitishwe kwa vitabu hivyo. Lakini Kayamba hana picha za wapagazi, na Kariakoo haina nyuso. Vitabu vya jalada laini vina nyuso bila majina. Lugha na kumbukumbu za familia zina majina bila nyuso. Kazi ya mwanahistoria wa Tabora ni kuvikutanisha.

8. Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba mkusanyo wa vitabu vya vita vya jalada laini una nafasi katika utafiti wa historia ya Tabora, mradi nafasi hiyo iwekewe mipaka. Kuhusu Septemba 1916, vitabu hivyo ni mashahidi wa mbali, na simulizi yao ya shujaa mmoja iliwalazimisha kuuacha mji. Kuhusu miaka ya 1960 na 1970, ni mashahidi wa karibu wanaoeleza jinsi dunia ya wachapishaji ilivyotaka kuiona Afrika Mashariki. Kuhusu picha, ni ghala lililotawanyika ambalo linaweza kukusanywa kwa gharama ndogo kuliko safari ya kwenda kwenye nyaraka za Ulaya, na ambalo litapotea iwapo litaachwa kwa wauza karatasi za kufungia bidhaa.

Pendekezo la insha hii ni dogo na linatekelezeka. Maktaba za Tabora, na vyuo vinavyofundisha historia katika mkoa huo, vianze kupokea vitabu hivi, visivitenge kama vitabu vya burudani, na vitunze pamoja navyo daftari la picha lenye nafasi tupu kwa ajili ya jina. Nyingi kati ya nafasi hizo hazitajazwa. Lakini sarafu ya dhahabu ya Tabora imehesabiwa moja baada ya nyingine, na aina zake zimeorodheshwa hadi tofauti ndogo za chapa. Watu waliobeba mizigo ya vita hiyo walistahili hesabu ya namna hiyo, na daftari lenye nafasi tupu angalau linakiri kwamba bado tunawadai wenyewe deni la majina yao.